Mwongozo wa Shilingi 150 na Hadithi Iliyosomwa Mara Tatu

Muhula uliopita nilinunua mwongozo, yaani kitabu cha uchambuzi kwa wanafunzi, wa diwani ya hadithi fupi iitwayo Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine kwa shilingi 150, kutoka kwa muuzaji wa vitabu vilivyotumika ambaye hutandaza bidhaa zake chini karibu na kituo cha matatu. Jalada lake lilikuwa limebandikwa upya kwa gundi, na mwenyewe wa kwanza alikuwa amepiga mistari ya kalamu nyekundu karibu kila ukurasa, dalili ya kwamba aliusoma kwa bidii ambayo huenda hakuwahi kukisomea kitabu chenyewe. Diwani inayofafanuliwa humo ilihaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, ikachapishwa na Longhorn mwaka 2016, ikatahiniwa katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya, kwa miaka kadhaa, kisha ikapisha diwani nyingine. Ndiyo sababu mwongozo wake sasa unauzwa kwa bei ya chapati na maharagwe, na ndiyo sababu pia niliutaka. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu hawatarajii kuulizwa swali lolote la hadithi hizi, kwa hiyo wanaweza kuzisoma bila kuchungulia mtihani kila wanapofungua ukurasa.

Nilitaka kujua jambo moja tu, nalo ni iwapo kitabu cha aina hii humsaidia mwanafunzi kuyaona maudhui ya hadithi fupi au humzuia. Kwa hiyo tathmini hii ni ya mwongozo, ingawa nimelazimika kuutathmini ukiwa kando ya diwani na kando ya njia niliyoizoea darasani, yaani kuisoma hadithi moja mara tatu kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kutamka neno "maudhui". Jina la mwongozo huo silitaji. Kasoro nitakazozieleza ni za ukoo mzima wa vitabu hivyo, na si haki kumtwika mchapishaji mmoja mzigo wa wengi.

Nianze na yale yanayostahili sifa. Kila hadithi imepewa muhtasari wa ukurasa mmoja au mmoja na nusu, na mihtasari hiyo imeandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, bila madoido. Mwanafunzi aliyekuwa mgonjwa wakati darasa likisoma hadithi anaweza kuipata mikononi mwake akajua nani alimfanya nani nini. Sehemu ya wahusika nayo ni ya kuridhisha, kwa kuwa sifa nyingi zimefuatwa na mfano, na orodha ya misamiati iliyo mwishoni mwa kila sura imeniokoa hata mimi katika maneno mawili matatu ya Kiunguja ambayo huku bara hayasikiki. Mwalimu mwenye wanafunzi arobaini na wanane na nakala kumi na sita za diwani, kama mimi, hana haki ya kuudharau mwongozo kana kwamba yeye hajawahi kujificha chini ya kivuli chake.

Tatizo linaanzia pale penye kichwa "Maudhui". Chini ya hadithi inayobeba jina la diwani, iliyoandikwa na Said A. Mohamed, mwongozo umeorodhesha utabaka, unyakuzi wa ardhi, ukatili, umaskini, ubinafsi, tamaa na matumizi mabaya ya mamlaka, na kila neno limefuatwa na sentensi moja au mbili. Hakuna hata neno moja lililo la uongo. Lakini ukigeuza kurasa ukafika kwenye "Shibe Inatumaliza" ya Salma Omar Hamad, utawakuta utabaka, ubinafsi, tamaa na matumizi mabaya ya mamlaka wamekaa palepale, kama wageni waliohamia chumba cha pili bila kubadilisha nguo. Nilifanya jaribio dogo katika chumba cha walimu. Nilikifunika kichwa cha hadithi kwa kiganja, nikamwomba mwenzangu anayefundisha mkondo wa pili asome orodha ya maudhui na kubashiri ni hadithi ipi. Alitaja hadithi tatu, na kila moja ingekubalika. Ikiwa orodha ya maudhui haiwezi kuitofautisha hadithi na jirani yake, basi orodha hiyo haijaisema hadithi yoyote, na imeishia kutaja matatizo ya nchi kwa jumla.

Mwongozo unajaribu kuliziba pengo hilo kwa kichwa kingine, "Dhamira", ambacho Kenya tumezoea kukitenga na maudhui: maudhui yakiwa jumla ya mambo yanayozungumziwa katika kazi, dhamira ikiwa lengo kuu lililomsukuma mwandishi. (Wenzetu wa Tanzania huiweka dhamira ndani ya maudhui, pamoja na migogoro, ujumbe na falsafa, na mwanafunzi anayehama kutoka Arusha kuja Kajiado huvurugikiwa kwa muhula mzima.) Utenganisho huo ungeweza kuleta faida kubwa, kwa sababu dhamira ingemlazimisha mwandishi wa mwongozo atunge sentensi kamili yenye msimamo. Badala yake ameandika kwamba mwandishi alidhamiria kuonyesha athari za unyakuzi wa ardhi na utabaka katika jamii. Ni zile nomino za orodha ileile, safari hii zimevalishwa kitenzi.

Sasa niseme nilivyofanya na hadithi hiyohiyo bila mwongozo, kwa sababu pasipo ulinganisho huu lawama yangu itakuwa nyepesi.

Usomaji wa kwanza tuliufanya kwa sauti, wanafunzi wakipokezana, kalamu zote zikiwa ndani ya mikoba. Anayeijua hadithi anakumbuka kwamba jitu la miraba minne linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago, mtaani Madongoporomoka, na kuagiza chakula, na kwamba halisimami mpaka chakula chote kilichopikwa siku hiyo kimekwisha. Darasa lilicheka mno. Sikuwakataza. Mwisho wa kipindi niliuliza swali moja, kilichotokea ni nini, tukakubaliana juu ya mfuatano wa matukio, tukafunga vitabu. Usomaji wa kwanza una kazi ya kuondoa hamu ya kujua mwisho, na hamu hiyo isipoondolewa kwanza, macho ya msomaji hayatulii juu ya kitu kingine chochote.

Usomaji wa pili ulikuwa baada ya siku mbili, kila mmoja kimyakimya, akiwa na penseli. Kazi ilikuwa kuweka alama ndogo pembeni kila neno au tendo fulani linaporudi, bila kueleza ni kwa nini. "Mwalimu, kwani hii si tulimaliza juzi?" aliuliza kijana mmoja wa nyuma, kwa sauti ya mtu aliyetozwa nauli mara mbili. Swali lake lilikuwa la haki, kwa maana katika shule zetu kitabu teule, yaani kile kilichochaguliwa kutahiniwa, "humalizwa", na kilichomalizwa hakirudiwi isipokuwa kupitia mwongozo. Hata neno kudurusu limepoteza maana yake kidogo kidogo, na siku hizi mwanafunzi akisema anadurusu fasihi, mara nyingi anamaanisha kwamba anasoma maelezo yaliyoandikwa juu ya hadithi, ilhali hadithi yenyewe imelala dawatini.

Dakika ishirini baadaye, kijana huyohuyo ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. Alikuwa amegundua kwamba hadithi haianzi na chakula. Inaanza na tetesi. Wakazi wa mtaa wanasikia minong'ono kwamba wakubwa wanaitamani ardhi yao, na hofu hiyo imekwisha kutanda kabla jitu halijatokea. Katika usomaji wa kwanza kurasa hizo zilikuwa kama uzio wa kuruka ili tufike penye kichekesho. Sasa zikawa ndizo swali lenyewe, yaani kwa nini mwandishi aanze kuzungumza juu ya ardhi, kisha aiache, atupeleke hotelini tukatazame mtu akila kwa muda mrefu kiasi kile?

Swali hilo sikulijibu, ingawa ulimi uliniwasha. Nililiandika ubaoni likalala hapo mpaka usomaji wa tatu, ambao haukuwa wa hadithi nzima. Tulisoma mwanzo, tukaruka hadi mwisho, mashine zinapoangusha vibanda vya wakazi, kisha tukarudi kwenye tukio la mkahawani. Niliomba kila kundi la watatu litunge sentensi moja yenye kitenzi, inayoeleza hadithi hii inasema nini juu ya jambo inalolizungumzia, na nikapiga marufuku nomino zinazoanza kwa u-: utabaka, ufisadi, ukatili, umaskini, ubinafsi. Kulikuwa na kimya cha kutisha. Ukimnyang'anya mwanafunzi wa Kidato cha Tatu ngeli ya U, umemnyang'anya nusu ya fasihi yake.

Sentensi zilizokuja hazikuwa na urembo. Kundi moja liliandika: "Jitu linakula chakula kwanza ili tuone litakavyokula ardhi." Jingine: "Aliyekula si yule mwenye njaa." La tatu lilipinga la kwanza, likasema kwamba jitu lililipwa heshima na watu walewale ambao kesho yake wangevunjiwa nyumba, kwa hiyo hadithi inawalaumu pia wanaolitazama tu likila. Hapo ulizuka ubishi ambao ulimaliza kipindi na kuingia katika muda wa mapumziko, na sijawahi kuuona mwongozo wowote ukisababisha wanafunzi wachelewe kwenda kunywa chai.

Mpe sentensi ya kundi la kwanza mtahini yeyote anayejua kazi yake, umwombe aipasue. Atapata humo jazanda, kwa kuwa chakula kimewekwa badala ya ardhi; atapata uwezo wa mwandishi wa kuashiria tukio kabla halijafika; atapata unyakuzi, utabaka na tamaa, zote zikiwa zimeshikana mkono kama zinavyoshikana katika hadithi. Mwongozo umevitaja vitu hivyo vyote katika kurasa nne tofauti, jazanda ikiwa chini ya "Mbinu za Lugha" na unyakuzi chini ya "Maudhui", na hakuna mahali ulipowaambia wanafunzi kwamba kimoja ndicho kinachokizaa kingine. Kutenganisha fani, yaani namna kazi ilivyosukwa, na maudhui ni jambo la lazima kwa mwalimu anayepanga vipindi, lakini hadithi fupi nzuri haina ukuta huo, na mwanafunzi anaugundua ukosefu wa ukuta pale tu anaposoma huku akijua mwisho.

Yapo mengine ambayo usomaji wa kurudia huyafukua na ambayo mwongozo umeyapita kwa kasi, hasa katika vichwa vya hadithi. Kila mwalimu wa Kenya anajua swali la "ufaafu wa anwani", na mwongozo unalijibu kwa namna moja katika hadithi zote: anwani inafaa kwa sababu matukio fulani yanaihusu. Hebu turudi kwenye sarufi yetu wenyewe. Mwandishi hakusema mtu asiyeshiba. Alisema tumbo lisiloshiba. Kwa upatanisho wa ngeli hiyo, tumbo limekatwa kutoka kwa mwenye tumbo, limekuwa kitu kinachoweza kuvaliwa na mtu yeyote atakayekuja baadaye. Katika "Shibe Inatumaliza", kiambishi kinachostahili kukamatwa ni kile kidogo cha katikati, -tu-. Sasa na Mbura, ambao ni mawaziri, wanajua fika kwamba karamu ya Mzee Mambo inagharimiwa na umma, wanalisema, na wanaendelea kula. Ni nani basi anayemalizwa? Wao wenyewe, wananchi waliobaki nje, au sisi tunaosoma? Msichana mmoja aliniambia kwamba aliposoma mara ya kwanza alidhani "sisi" ni wao, na aliposoma mara ya tatu akaanza kuogopa kwamba na yeye yumo. Hilo ni jibu la maudhui lenye uzito kuliko mistari kumi ya mwongozo, na limetoka kwenye kiambishi kimoja ambacho tayari alikuwa amefundishwa katika sarufi ya Kidato cha Pili.

Mfano wa "Nizikeni Papa Hapa" wa Ken Walibora ni mkali zaidi. Otii, mchezaji kandanda aliyesahauliwa na timu yake baada ya kuumia, anataka azikwe mahali alipo, lakini watu wa chama cha kwao wana yao, na safari ya kuupeleka mwili nyumbani inaishia kwa ajali. Mwanafunzi anapokisoma kichwa kabla ya kuijua hadithi, anasikia amri ya kawaida. Anapokisoma tena akiwa ametoka kwenye ukurasa wa mwisho, -ni ile ya wingi inageuka kuwa sauti ya mtu anayewasihi wengi ambao hakuna hata mmoja wao anayemsikiliza. Hakuna neno lililobadilika. Aliyebadilika ni msomaji. Mwongozo wangu, katika hadithi hii, umeorodhesha ukimwi, mila na desturi, mapuuza na kifo, kisha ukaenda zake.

Nisije nikaonekana ninauza dawa ya kila ugonjwa. Kusoma mara tatu kuna gharama, na mwalimu anayeipanga asidanganywe. Kipindi ni dakika 40, na ukiondoa muda wa kugawa nakala na kutuliza darasa unabaki na thelathini. Hadithi moja ilinila vipindi vinne, hali mwongozo ungeniwezesha kuimaliza kwa vipindi viwili na kuacha muda wa ushairi. Uhaba wa nakala nao unafanya usomaji wa kimyakimya uwe wa watatu watatu, ambapo mmoja anasoma, wa pili anasubiri ukurasa ugeuzwe, na wa tatu anaangalia dirishani. Aidha, anayerudia kusoma anaweza kuona mambo yasiyokuwamo. Kijana mmoja alishikilia kwamba jitu ni mkoloni wa Kizungu kwa sababu ni kubwa na linaogopwa. Nilimwambia tu, onyesha mstari. Aliutafuta kwa dakika tano nzima, akaukosa, akakaa. Kanuni hiyo ya kuonyesha mstari ndiyo inayoutofautisha usomaji wa kurudia na ndoto za mchana, na bila hiyo afadhali mwongozo, ambao angalau hauzushi.

Wala si kila hadithi ya diwani inavumilia kusomwa mara tatu. "Mapenzi ya Kifaurongo" ya Kenna Wasike, kwa maoni yangu, inatoa karibu kila kilichomo katika usomaji wa pili, kwa sababu hadithi yenyewe ina haraka ya kutuonya, na Dennis na Penina wanafanya kile ambacho kichwa kimekwisha kukitangaza. Kwa hadithi ya namna hiyo mwongozo unatosha, na sioni haya kusema hivyo. Kinyume chake ni "Masharti ya Kisasa" ya Alifa Chokocho, ambayo darasa huiona kama kichekesho cha Dadi, mume mwenye wivu aliyekubali masharti ya mkewe Kidawa. Mara ya pili kicheko hupungua. Mara ya tatu wasichana na wavulana hawakubaliani tena juu ya nani anayestahili kuchekwa, na neno "kisasa" lililoonekana la sifa linaanza kunuka kejeli. Mwongozo umeandika "ndoa" na "mabadiliko ya kijinsia", kisha umewapa wahusika wawili hao sifa nne nne kila mmoja, zenye urefu sawa, kana kwamba zilipimwa kwa rula.

Sitaki pia kuwa mwongo kuhusu mtihani, maana watunzi wa miongozo hawakuubuni mchezo huu. Karatasi ya Tatu ya Kiswahili katika KCSE ina alama 80 na hufanywa kwa saa mbili na nusu. Mtahiniwa hujibu maswali manne, moja likiwa la lazima, kila moja alama 20. Anagawiwa basi dakika zisizozidi 38 kwa swali, na mara nyingi anahitaji hoja zisizopungua kumi. Mtu aliye katika hali hiyo anatamani orodha kama msafiri wa jangwani anavyotamani kisima, na mwongozo ni kisima kilichochimbwa mlangoni pake. Swali likiuliza moja kwa moja juu ya maudhui ya utabaka katika hadithi fulani, orodha itamvusha. Swali likija kwa sura ya kauli anayotakiwa kuithibitisha, au likimtaka alinganishe hadithi mbili, ndipo nomino zake saba zinapogeuka mzigo, kwa kuwa hajui ipi imefungwa na ipi, na anaishia kuandika muhtasari wa hadithi kwa wino mwingi. Nimesahihisha insha za namna hiyo mpaka ninazitambua kwa mwandiko wa aya ya kwanza.

Hata hivyo, matumizi bora ya mwongozo niliyagundua kwa bahati. Katika kipindi kilichofuata usomaji wa tatu wa hadithi ya Said A. Mohamed, zikiwa zimebaki dakika kumi na tano, niliutoa mkobani, nikawasomea sura inayoihusu na kuwataka waseme juu ya kila sentensi: kweli, kweli lakini, au si kweli. Waliurarua. Kwanza waligundua kwamba nambari za kurasa hazilingani na nakala yetu, halafu wakakuta mhusika mmoja amepewa sifa isiyo na mfano, na mwisho wakatambua kwamba tetesi za mwanzo, zile zilizotuchukua kipindi kizima, hazikutajwa mahali popote isipokuwa katika muhtasari, kwa nusu sentensi. Pale walipoandika "kweli lakini", niliwataka wamalizie, na yaliyofuata baada ya neno "lakini" yalikuwa ndiyo maudhui kwa maana kamili. Kitabu ambacho kingewafunga midomo kama kingetangulia, kiliwafungua kilipochelewa. Tangu siku hiyo mwongozo una kazi rasmi katika darasa langu, nayo ni ya mpinzani anayeitwa mwishoni, na nimeona kwamba wanafunzi waliokuwa wagumu wa kusema wakati wa kusoma hadithi huwa wepesi wanapopewa kitu cha kukosoa.

Kwa kuwa tathmini lazima iwe na alama, na kwa kuwa mimi ni mwalimu, nitausahihisha mwongozo huu kama ninavyosahihisha jibu la alama 20. Muhtasari ninaupa 5 kwa 5. Wahusika na misamiati, 3 kwa 5. Mbinu za uandishi na za lugha, 2 kwa 5, kwa sababu zimetajwa bila kuonyeshwa zinafanya nini. Maudhui, dhamira na ufaafu wa anwani, 1 kwa 5, na hiyo moja ni ya hati safi. Jumla ni 11. Si alama mbaya, na kwa shilingi 150 mtu hawezi kulalamika sana, lakini hiyo 1 ndiyo iliyowekwa mahali ambapo wanafunzi wengi huufungua kwanza.

Mzazi anayetaka kujua anunue nini kwanza, jibu langu ni diwani. Nakala zilizotumika zinapatikana, ila akague kama kurasa zote zimo na kama maandishi hayajafifia, na akwepe zile zilizoandikwa majibu pembeni, maana penseli ya mtoto wake itakosa pa kutua. Mwongozo anaweza kuununua mwezi mmoja baadaye. Kwa walimu, hasa wale tunaowafundisha hawa wa mwisho wa mfumo wa elimu wa 8-4-4 watakaofanya KCSE ya mwaka 2027, ushauri wangu ni kuchagua hadithi tatu tu kwa muhula zitakazosomwa mara tatu, na nyingine ziende kwa mwendo wa kawaida. Nilijaribu kuzisoma zote hivyo mwaka mmoja, na kufikia Agosti tulikuwa bado hatujaigusa tamthilia.

Wiki jana nilimrudia yule muuzaji kutafuta nakala za nyongeza. Alikuwa na miongozo saba ya diwani hiyo, ya wachapishaji wanne tofauti, na nakala moja tu ya diwani yenyewe, haina jalada na inaanzia ukurasa wa tano. Aliitaka shilingi 100. Kurasa zilizokosekana ndimo zilimo zile tetesi, kwa hiyo nimemwomba kijana wa nyuma, yule aliyelalamika kutozwa nauli mara mbili, azinakili kwa mkono kutoka nakala ya maktaba, naye amekubali kwa sharti kwamba asisomeshwe hadithi hiyo mara ya nne.